Ukienda Kusoma Pune, Ingia Uwanjani Mapema

Vijana wengi kutoka Afrika Mashariki huenda India kutafuta elimu ya juu, na Pune, mji mkubwa wa jimbo la Maharashtra, ni miongoni mwa miji inayowapokea kwa wingi. Nilisomea huko shahada yangu ya kwanza, na hadi leo vijana wanaojiandaa kusafiri huniuliza kuhusu karo, chakula na nyumba za kupanga. Ni maswali ya maana na yana majibu yake. Hata hivyo, kilichoyapa maisha yangu ya chuoni mwelekeo ni kriketi, mchezo ambao nilipokuwa nikikua Mombasa nilijua tu kwamba unachezwa na watu wa klabu waliovaa nguo nyeupe.

Niyamalize kwanza ya karatasi, kwa sababu yasipokamilika hakuna mchezo wala masomo. Mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya siku 180 hutakiwa kujisajili katika ofisi ya wageni, inayojulikana kama FRRO, ndani ya siku 14 tangu awasili, kwa hiyo omba barua ya chuo ya kuthibitisha uanafunzi wako mara tu unapofika. Zingatia pia mahudhurio. Vyuo vingi vya India hudai uhudhurie angalau asilimia 75 ya vipindi, na anayepungukiwa anaweza kuzuiwa kufanya mtihani hata kama somo analielewa vizuri.

Baada ya hayo huja upweke, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Wanafunzi wetu hupanga nyumba pamoja, hupika ugali pamoja, na siku ya Jumapili hucheza kandanda pamoja. Siudharau udugu huo hata kidogo, kwani ndio uliotuuguza tulipopata homa na ndio uliotukopesha fedha pale za nyumbani zilipochelewa. Tatizo ni kwamba mtu anaweza kuishi miaka mitatu katika udugu huo bila kuingia katika nyumba ya Mhindi hata mmoja. Darasani mnazungumza Kiingereza na wenzako, lakini kipindi kinapokwisha mazungumzo ya ukumbini hugeuka kuwa ya Kimarathi au Kihindi, makundi ya marafiki waliosoma pamoja tangu sekondari hujikusanya, na wewe unabaki umeshika daftari lako. Nilipoanza kuwatafuta wenzangu baada ya masomo, niliwakuta uwanjani wakicheza kriketi.

Kriketi ninayoizungumzia si ile ya televisheni. Huchezwa kwa mpira wa tenisi, katika kiwanja chochote kilicho wazi au uchochoroni kati ya majengo, na wiketi, yaani vijiti ambavyo mpigaji huvilinda visigongwe na mpira, huweza kuwa kreti, kiti kilichovunjika au mistari iliyochorwa ukutani kwa chaki. Kila mtaa una sheria zake: mahali pengine mpira ukivuka ukuta wa jirani mpigaji ametoka, na mahali pengine mpira uliodunda mara moja ukidakwa kwa mkono mmoja huhesabiwa kuwa umedakwa, na mpigaji hutoka. Ukiuliza sheria kabla ya kuanza, watakueleza watu watano kwa wakati mmoja, watabishana, na katika mabishano hayo utakuwa umeshajua majina yao.

Omba kwanza nafasi ya kudaka na kurudisha mpira. Ni nafasi ambayo hakuna anayeing'ang'ania, nasi tuliokulia kwenye mpira wa mikono na kandanda huwa na miguu myepesi na macho ya kuufuata mpira. Kutupa mpira kwa mpigaji huhitaji subira zaidi, kwa sababu mtupaji haruhusiwi kuukunjua mkono kwenye kiwiko kama anayerusha jiwe. Mkono huzunguka kutoka nyuma ukiwa umenyooka hadi mpira unapoachiliwa. Mwombe mwenzako mmoja akufundishe pembeni jioni kadhaa. Nimewaona wageni wengi wakipata rafiki wao wa kwanza wa kweli kwa njia hiyo, na urafiki huo ukawafikisha kwenye meza ya chakula ya mama yake, na baadaye kwenye karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, ambazo katika vyuo vya Pune zina thamani kubwa kwa sababu mtindo wa maswali hubadilika polepole.

Mkenya ana jambo jingine la kumsaidia. Tarehe 29 Februari 1996, katika Uwanja wa Nehru uliomo humo humo Pune, Kenya iliishinda West Indies, timu ya nchi za Karibiani, katika Kombe la Dunia la kriketi. Kenya ilikuwa imepata mikimbio 166 tu, yaani alama za kriketi, lakini West Indies, ikiwa na mpigaji wake nyota Brian Lara, wapigaji wake walitolewa wote kwa mikimbio 93, na nahodha wetu Maurice Odumbe akatangazwa mchezaji bora wa mechi. Mwaka 2003 Kenya ilifika nusu fainali, ikatolewa na India. Vijana wa nyumbani hawayajui haya, ilhali watu wazima wa Pune wanaokunywa chai kando ya barabara wanayakumbuka, na jina la Steve Tikolo, mpigaji wetu mashuhuri wa enzi hizo, linaweza kukupatia kiti na kikombe kabla hujajitambulisha. Jifunze historia hiyo kabla ya kupanda ndege.

Asiyevutiwa na kriketi ajaribu kabaddi, ambayo huko Maharashtra inapendwa sana. Wachezaji saba kwa saba hukabiliana, na mshambuliaji mmoja huingia upande wa wapinzani kwa sekunde 30 akijaribu kuwagusa na kurudi salama. Hakuna kifaa cha kununua, na Kenya ilishiriki Kombe la Dunia la mchezo huo huko Ahmedabad mwaka 2016. Dada zetu nao wasidhani viwanja ni vya wanaume, kwani tangu ligi ya kulipwa ya kriketi ya wanawake ianze India mwaka 2023, mchezo huo umepata msukumo mpya. Nendeni kwa mwalimu wa elimu ya viungo wa chuo katika wiki za mwanzo, kabla timu hazijapangwa.

Kuhusu muda, panga mapema. Mvua za Juni hadi Septemba hufanya viwanja kuwa matope, kwa hiyo miezi hiyo ifae kwa kujenga msingi wa masomo. Hatari kubwa zaidi huja kati ya Machi na Mei, kwa sababu IPL, ligi kubwa ya kriketi ya India, huchezwa karibu kila siku wakati ambapo mitihani ya mwisho wa mwaka imekaribia au imeanza, na hosteli nzima hukusanyika mbele ya skrini. Kujitenga kabisa kunakurudisha kwenye upweke, na kutazama kila mechi kunakugharimu alama. Katika hosteli yetu tulikubaliana kusoma wakati timu ya kwanza inapopiga, kuanzia saa moja na nusu jioni, kisha tukutane baada ya saa tatu usiku kutazama timu ya pili ikiifukuzia idadi ya mikimbio iliyowekwa.