Maswali ya wakulima: Utabiri ulisema mvua nyingi, mbona mahindi yamekauka?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi nalima mahindi huku Handeni, redioni tulisikia vuli itakuwa juu ya wastani basi nikalima eka zote tatu, mvua ya kwanza imepiga nikapanda siku hiyohiyo, yakaota vizuri alafu jua likawaka karibu wiki tatu yote yakaungua. Mwishoni ikaja mvua ya kufa mtu, haikunisaidia kitu. Sa huo utabiri si uongo?
Msomaji, Handeni

JIBU: Marahaba dada, na pole sana, eka tatu ni jasho la familia nzima. Ila inawezekana kabisa utabiri ulikuwa sahihi na wewe bado ukakosa mahindi, na hapa ndo naona wakulima wengi wanaumia. "Juu ya wastani" ni jumla ya mvua ya msimu mzima, Oktoba mpaka Desemba, kwa kanda nzima, ikilinganishwa na kumbukumbu za miaka 30. Haikwambii itanyesha wiki gani. Mvua yote ikishuka ndani ya wiki mbili za Novemba, jumla itasoma nyingi na mahindi yako yameshakufa.

Alafu hata hiyo jumla inatolewa kwa uwezekano. Tuseme wametangaza asilimia 45 juu ya wastani, 35 wastani, 20 chini ya wastani, maana yake kwenye misimu kumi ya namna hiyo kama miwili hivi itakuwa mikavu. Hizo namba zikifika redioni zinakatwa, linabaki neno moja "mvua nyingi", na mtu anaingiza akiba yake yote shambani kwa neno moja. Inaniuma sana hii. Taarifa ya msimu ya TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) ukiisoma mpaka mwisho utakuta mvua inaanza lini, inaisha lini, mtawanyiko wake ukoje na vipindi vya ukavu vinategemewa wapi, na kwa mkulima wa Handeni hivyo vina uzito kuliko jumla. Kama huna simu ya intaneti mwombe afisa ugani akusomee, ni kazi yake.

Sasa kupanda. Mvua moja haitoshi hata kama imepiga kwa kishindo, maana udongo uliokauka miezi mitatu unalowa juu tu. Subiri zifike kama milimita 20 ndani ya siku chache, alafu ingia na jembe uchimbe katikati ya shamba, sio pembeni kwenye mfereji. Kina cha sentimita 15 chukua udongo konzi moja uufinye, ukishikana donge na ukifungua mkono haumwagiki, unyevu upo. Ukikuta vumbi chini acha mbegu ndani. Kabla hujapanda angalia na utabiri wa siku kumi zinazofuata, huo una uhakika zaidi kuliko wa miezi mitatu.

Ila usingoje mpaka upitwe, vuli ni fupi, ukipanda mwishoni mwa Novemba mvua inakata mahindi bado yanatoa mbelewele na hapo ndo yanahitaji maji kuliko wakati wowote. Kwa hiyo usipande eka tatu kwa siku moja. Ningekuwa mimi, eka moja na mvua ya kupandia, ya pili siku kama kumi baadaye, zote mbegu ya muda mfupi kama Situka, na eka ya tatu naweka mtama, Macia inakomaa mapema na inavumilia jua.

SWALI: Kila ikitajwa El Niño sisi wa kando ya mto Mkondoa tunaanza kufunga mizigo. Hivi lazima iwe mafuriko?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Sio lazima kaka. El Niño ni bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Ya 1997 ilituzamisha kweli, lakini ya 2015 ilikuwa kati ya kubwa kabisa duniani na sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazikuona mvua kama ile. Mwaka 2019 Pasifiki ilikuwa imetulia na vuli ikanyesha kupita kiasi Tanzania na Kenya, kwa sababu bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia. 2023 vikakutana vyote viwili. Kwa hiyo ukisikia El Niño uliza na bahari ya Hindi inasemaje, zote zikielekea kwenye mvua ndo ujiandae kweli: zibua mifereji, chakula na mbegu vipande juu, na lile shamba la ukingoni usiliwekee hela ya mkopo msimu huo.

SWALI: Sakitu, ile barafu nyembamba ya usiku, inaniunguzia viazi kila Juni na Julai. Nifanyeje?
Msomaji, Makete

JIBU: Kamwene kaka. Usiku usio na mawingu wala upepo ardhi inatoa joto lake lote, na hewa ya baridi ni nzito inateremka kukaa bondeni, ndo maana vinyungu (mashamba ya bondeni) vinaungua na shamba la mteremkoni linapona. Viazi vya miezi hiyo vihamishie juu kidogo. Vilivyopo tayari, mwagilia mchana ili udongo ulowe utunze joto, jioni tandaza nyasi kavu au magunia, asubuhi jua likitoka funua. Na majani yakiwa meusi usikimbilie kung'oa, kama shina la chini bado ni bichi mara nyingi linachipua tena.

SWALI: Nina matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, nitajuaje mvua ya usiku imetosha au nimwagilie tena?
Msomaji, Mbezi, Dar es Salaam

JIBU: Dada, tafuta kopo lililonyooka toka chini mpaka juu, lisiwe na tumbo, liweke sehemu ya wazi mbali na mti na bati, asubuhi tumbukiza rula. Milimita 1 ni sawa na lita 1 kwa kila mita ya mraba. Tuta lako likiwa mita 1 kwa 5 na kopo likasoma milimita 6, limepata lita 30, ndoo kubwa moja na nusu. Kwa joto la Dar mchicha unamaliza milimita 4 mpaka 5 kwa siku, kwa hiyo leo pumzika, kesho jioni mwagilia. Na maji ya kwenye kopo uyamwage kila ukishapima, mbu wanazaliana humo.