Ziwa liko mbele ya nyumba, kangaga linakauka

SWALI: Nina kangaga kwenye kibaraza kinachotazama ziwa. Namwagilia asubuhi na jioni, lakini ncha za majani zinageuka kahawia na vijani vinapukutika. Chini ya majani kuna vidoti vya kahawia. Jirani anasema ni wadudu, nipulizie dawa. Nifanyeje?
Mama Wawili, Nyegezi

JIBU: Dawa iache kwanza, mama. Geuza jani. Vidoti vikiwa vimejipanga mistari miwili, mmoja kila upande wa mshipa wa kati, hivyo ni vifuko vya spora, vumbi linalofanya kazi ya mbegu. Kangaga halitoi maua. Wadudu wa magamba hukaa hovyohovyo, hadi kwenye vikonyo, ukiwakwangua kwa ukucha wanabanduka, na jani hunata. Hao wafute kwa kitambaa na maji ya sabuni.

Kinachochoma ncha ni upepo. Ule wa mchana kutoka ziwani hunyonya maji ya jani kuliko mizizi inavyoweza kuyapandisha, na Juni hadi Agosti, mvua zikikatika, ndiyo balaa. Nawe unazidisha maji: udongo unajaa, mizizi inakosa hewa, inaoza, na mzizi uliooza haunywi. Ndiyo maana vijani vinapukutika na udongo ungali chapachapa.

Liingize ndani, karibu na dirisha lenye mwanga lakini jua lisiliguse. Chomeka kidole hadi pingili ya kwanza. Pakianza kukauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha ondoa maji yaliyotuama kwenye sahani iliyo chini ya chungu. Mizizi ikiwa myeusi na laini, ikate, upande upya: mafungu 2 ya mboji, 1 la mchanga wa mtoni, 1 la pumba za mpunga zilizochomwa zikabaki nyeusi. Zikiwa majivu meupe, usitie. Majivu huleta magadi, na kangaga halipendi udongo wa magadi. Samadi mbichi nayo huunguza. Jani lililokauka halirudi, likate chini kabisa.

SWALI: Magugumaji yanafaa kuwa mboji ya maua?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Yanafaa. Yaanike hadi yanyauke, yakatekate, changanya na samadi, geuza kila wiki mbili. Yakiwa meusi na hayanuki, tia. Kwenye mboga tusingeyatumia: hufyonza madini mazito yaliyomo majini. Na usiyapeleke mabichi kwenye bwawa la mtu.