Ile hoja uliyoibandika pembeni

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana anayeanza kazi ya uwezeshaji. "Shikamoo dada. Washiriki wangu walianza kuzozana kuhusu tabianchi, nikawarudisha kwenye mada. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa, kazi yangu ni kuongoza mjadala tu. Je, nimekosea?"

Marahaba mdogo wangu. Umekosea, lakini hauko peke yako.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kuongoza kikao cha siku tatu cha kutunga mpango mkakati wa miaka kumi. Siku ya kwanza, kabla ya chai, mama mmoja wa idara ya maghala alinyoosha mkono. "Mwezeshaji, mpango wote huu unachukulia kwamba mvua, joto na ule mto vitabaki vilevile. Nani kasema?" Wachache wakacheka. Mkurugenzi akatazama saa. Nami na uzoefu wangu wote nikashika kalamu rashasha, nikaandika "tabianchi" kwenye ile karatasi ya maegesho tunayobandika ukutani kwa hoja za kurudiwa baadaye. Nikamshukuru kwa mchango mzuri. Nilijiona fundi kweli.

Hoja haikurudiwa. Siku ya tatu tulimaliza kabla ya muda, nikapigiwa makofi (sitadanganya, yalinikolea), nikaanza kubandua karatasi zangu. Ile ya maegesho ilikuwa imeachia kona moja, inaning'inia. Yule mama akaja, akaibana kona ile ukutani kwa kidole gumba, akaniuliza, "Na hii mnaipeleka wapi?" Nikababaika. Alipotoka niliikunja pamoja na nyingine.

Kuanzia hapo nikaanza kusoma. Mwaka 2018 IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi chini ya Umoja wa Mataifa, lilieleza kwamba ili joto la dunia lisipande kupita nyuzi 1.5, hewa ya ukaa tunayoitoa ilipaswa kupungua kwa takribani asilimia 45 kufikia 2030, ikilinganishwa na 2010. Mpango niliousimamia ulipita juu ya mwaka huo wa 2030 bila kuutaja hata kwa mstari mmoja. Halafu 2024 ukawa mwaka wa kwanza wastani wa joto kuvuka nyuzi hizo 1.5 juu ya kiwango cha kabla ya enzi ya viwanda. Mimi nilikuwa najivunia kutoegemea upande wowote! Anayeamua hoja ipi ipewe saa nzima na ipi ikae ukutani keshachagua upande.

Tena tusijidharau. Mkutano wa tabianchi wa Durban, Desemba 2011, ulikuwa umepitiliza muda wake na nusura uvunjike. Mwenyekiti Maite Nkoana-Mashabane akasimamisha kikao, akawataka Umoja wa Ulaya na India wakutane palepale ukumbini watafute maneno. Watu wakasongamana wamesimama usiku wa manane, wakabishana juu ya fungu moja la maneno hadi wakaelewana. Njia iliyofika kwenye Mkataba wa Paris wa tabianchi mwaka 2015 ilipitia hapo. Mwenyekiti hakuwapa jibu. Aliwanyima nafasi ya kwenda kulala bila jibu.

Mwaka jana nilijaribu kuwa jasiri. Nilimwomba mteja mmoja anipe muda wa saa nzima wakati wa asubuhi kwa ajili ya suala hili. Akanijibu, "Tunakulipa utuongoze, si utuhubirie." Kazi akapewa mwingine, tena niliyemfundisha mimi mwenyewe. Iliniuma, na bado inaniuma. Ila mwezi uliopita kundi jingine lilikubali, na ile saa moja ikawa mbili kwa ombi la washiriki wenyewe. Mtunza hesabu, mtu niliyedhani atalala, ndiye aliyefuta nusu ya makadirio yake na kuanza upya.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza kabla hujapokea kazi: mpango huu unafika mwaka gani, na kipi ndani yake kitaharibika joto likizidi kupanda? Swali hilo liingie kwenye ajenda, na liingie asubuhi, watu wakiwa na akili zao. Usilisukume mwisho wa siku. Usiwahutubie, mpe nafasi yule anayeyaona kwa macho yake kazini, kisha nyamaza. Watakaokasirika waache wakasirike, watakaolia usikimbilie kuwachangamsha kwa mchezo. Na narudia, liingie asubuhi. Tunaoshika kalamu mbele ya watu hatuna tena ruhusa ya kusema hayatuhusu.

Nakwambia haya huku mezani kwangu kuna ajenda ya wiki ijayo. Nilikuwa nimeliweka swali hilo saa tatu asubuhi. Mteja ameirudisha jana, swali limehamia kwenye "mengineyo". Kesho asubuhi nampigia simu.