Kipenyo Kwanza, Namba Baadaye

Juzi nimemkuta kijana wetu mmoja maabara, hapa Tabora, amepanga matokeo ya vipimo vya nguvu (mgandamizo unaovunja jiwe) vya kori, yaani vile vipande vya mwamba vyenye umbo la mche duara vinavyotoka kwenye uchorongaji, za NQ na za HQ, saizi mbili za vipenyo tofauti, kwenye safu moja. Kajumlisha, kagawa, kapata wastani mmoja unaopendeza. Nikamwomba anipishe kiti. Wadogo zangu, kosa hilo nalijua vizuri, maana nililifanya mimi kabla yenu na likaumiza watu. Nawaandikia mapema, kabla mitambo ya kuchoronga haijarudi tena saiti.

1. Kipenyo kiandikwe kabla ya nguvu. NQ ni milimita 47.6, HQ ni 63.5. Itale lile lile litatoa namba kubwa kwenye kori nyembamba na ndogo kwenye kori nene. Mwaka 1980 Hoek na Brown, wataalamu wa uhandisi wa miamba, walionyesha jambo hili kwa matokeo ya miamba mbalimbali: chukua nguvu ya sampuli ya milimita 50, izidishe kwa 50 gawanya kwa kipenyo chako, mgawo huo ukiwa umepandishwa kwenye kipeo cha 0.18. Pigeni hesabu wenyewe. Sampuli ya milimita 25 inapanda kwa asilimia 13 hivi, ya milimita 200 inashuka kwa asilimia 22. Na hiyo ni kwa jiwe zima. Mwamba wenye nyufa kule ardhini unahitaji hesabu nyingine.

Sababu yake si ngumu. Kila jiwe lina udhaifu wake: vijiufa, mipaka ya chembe, tabaka la maika. Kipande kikubwa kina nafasi zaidi ya kubeba ufa mbaya, na jiwe huanza kuvunjika pale palipo dhaifu. Kipande kidogo kinafika kwenye mashine kikiwa kimeshachujwa udhaifu huo.

2. Msichague kori nzuri. Hapa nivumilieni.

Nilikuwa na miezi michache kazini. Kulikuwa na mradi wa maji wa vijiji: tangi juu ya kilima cha itale na mtaro wa bomba kushuka hadi bondeni. Nilipewa masanduku ya kori. Nikapita nikiokota vipande virefu, vyeupe, visivyo na mstari hata mmoja, kwa sababu ndivyo vilivyotosha urefu. Vilivyokatika katika nikavirudisha sandukuni. Vingine nikavichoronga upya kutoka kwenye mabonge, vyembamba zaidi, ili nipate idadi ya sampuli niliyotakiwa. Viwili vilipovunjika mapema, nikajiambia vina kasoro, nikaviondoa kwenye jedwali. Wastani ukapanda. Nikauandika bila kipenyo, bila kusema chochote juu ya vile viwili wala vile vya sandukuni.

Waliopanga bajeti walisoma namba yangu wakaamini kilima chote kiko hivyo. Wakatenga fedha za baruti na uchorongaji wa mashimo kwa mtaro mzima. Kazi ilipoanza, sehemu kubwa ya mtaro ekskaveta iling'oa mwamba kwa ndoo, bonge kwa bonge, kupitia nyufa zile zile nilizokuwa nimeziacha sandukuni. Lakini mkataba ulishasainiwa kwa bei ya mwamba mgumu, na fedha zikalipwa hivyo. Mwishoni zilipungua. Vituo viwili vya maji vya kijiji cha mwisho havikujengwa mwaka ule.

Nilikwenda kijijini kwenye makabidhiano. Mama mmoja, ndoo kichwani, akaniuliza, "Mwanangu, la kwetu linakuja lini?" Nikamwamkia, nikamwambia sijui. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza kwamba bomba lake lilipotelea kwenye jedwali langu. Yule fundi sanifu mkuu aliyenifundisha kazi hakunigombeza. Alifungua sanduku, akaokota kipande kifupi chenye ufa, akaniwekea mkononi: "Huyu naye ni mwamba. Mbona hukumwandika?"

3. Urefu uwe mara 2 hadi 3 ya kipenyo, kwa kiwango mnachofuata. Kori fupi hupata namba ya juu kwa sababu sahani za mashine zinazibana ncha zake.

4. Chembe. Kipenyo kiwe angalau mara 10 ya chembe kubwa. Itale letu lina sehemu zenye chembe za madini ya feldispa za ukubwa wa kucha. Chembe ya milimita 10 inadai kori ya milimita 100. Kama haipatikani, semeni hivyo kwenye ripoti, tena ukurasa wa kwanza.

5. Sampuli iliyovunjika mapema ipigeni picha, mchore ufa wake, muiache kwenye jedwali.

Yule kijana wa juzi tumeifungua kazi yake upya. Safu sasa ni mbili, na amekwenda stoo kutafuta vipande alivyokuwa ameviacha.