Usaili wa MBA Harvard: nijiandaeje kwa msaili aliyekwisha kusoma kila kitu changu?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni meneja wa mikopo katika tawi la benki hapa Mbeya. Nimeitwa kwenye usaili wa MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, wa Harvard Business School ya Marekani, kwa njia ya video, mwanzoni mwa Novemba. Nimeambiwa ni nusu saa tu, na msaili atakuwa amesoma maombi yangu yote. Nimekusanya maswali mengi mtandaoni na nimeanza kukariri majibu. Kazi ninayojivunia zaidi ni mikopo ya wenye mashine za kukoboa mpunga, ambayo tuliibadilisha marejesho yake yafuate msimu badala ya kulipwa kila mwezi. Lakini tuliifanya kama timu, na mimi sikulelewa kujisifu. Pia alama zangu za mwaka wa pili chuoni zilishuka. Je, naelekea sawa? Na suala la ufadhili niliulize au ninyamaze? Msomaji, Mbeya.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Harvard haimsaili mwombaji asiyeitwa, na haimwiti kila anayeomba. Waliokuita wamekwisha kuridhika kwamba kwenye karatasi unafaa. Kilichobaki ni kukusikia ukifikiri.

Kwa hiyo weka pembeni hayo majibu ya kukariri. Usaili wa Harvard una desturi yake, na desturi hiyo inatokana na namna wanavyofundisha. Darasa la mwaka wa kwanza lina wanafunzi wapatao 90. Kila mmoja amesoma kisa halisi cha kampuni fulani, na mwalimu huanza kipindi kwa kumtaja mmoja wao bila kumpa taarifa, aeleze angefanya nini kama angekuwa bosi wa kampuni ile. Akimaliza, wenzake wanampinga, wanaongeza, wanauliza. Katika kozi nyingi mchango huo wa mdomo huchukua kiasi cha nusu ya maksi. Anayekusaili, ambaye ni mtu wa bodi yao ya udahili, anataka kujua utaishije katika chumba kile. Ndiyo maana atauliza haraka haraka, atakukatiza katikati ya sentensi, atarukia jambo dogo uliloliandika kwenye mstari mmoja wa wasifu wako. Jibu la kukariri likikatwa katikati halina pa kuendelea. Utaonekana umepotea, hata kama jambo lenyewe unalijua vizuri kabisa.

Unachopaswa kukijua kwa moyo ni maamuzi yako. Chapisha maombi yako yote, wasifu, insha na kila kisanduku ulichojaza, kisha uyapitie na kalamu mstari kwa mstari. Kila mahali palipo na kitendo, jiulize: hapa palikuwa na njia zipi? Kwa nini nilichagua hii? Nani alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito gani? Nilijuaje kwamba imefanikiwa? Leo ningebadilisha nini? Ukimaliza zoezi hilo kwa uaminifu utakuwa umejibu sehemu kubwa ya maswali uliyoyakusanya, na mengine ambayo hayamo kwenye orodha yoyote kwa sababu yanakuhusu wewe peke yako.

Tuchukue hiyo kazi ya mpunga, maana ni nzuri kuliko unavyodhani. Msaili wa Boston, mji iliko shule hiyo, hajui kwamba wakati wa mavuno bei ya mpunga huanguka, halafu hupanda miezi ya baadaye ghala zinapopungua. Hajui kwamba mwenye mashine anakopa ili anunue wakati bei iko chini na kuhifadhi. Akidaiwa rejesho mwezi unaofuata, analazimika kuuza mapema kwa bei mbaya, na faida iliyomfanya akope inapotea. Eleza hilo kwa sentensi tatu na ataelewa mara moja kwa nini mkopo wa kila mwezi haukufaa. Kisha jiandae kwa maswali yatakayofuata, kwa sababu mtu mwenye akili atayauliza: marejesho ya kila mwezi humwonyesha mkopeshaji mapema kwamba mteja ana shida, sasa ninyi mliondoa hiyo ishara, je, mlijuaje kabla mambo hayajaharibika? Mlikagua ghala? Mara ngapi? Bei isingepanda je? Unajua vizuri kwamba kwa taratibu za Benki Kuu ya Tanzania mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa chechefu, na kwamba kamati ya mikopo inaogopa hilo kuliko kitu kingine chochote. Basi hapo ndipo penye mazungumzo. Usikimbilie kusema mradi ulifanikiwa. Kaa kwenye ile hatari mliyoikubali, mliipima vipi, na mliweka kinga gani.

Angalia pia namba. Shilingi milioni kadhaa hazimwambii kitu mtu wa kule, na ukizigeuza kuwa dola zinaweza kuonekana ndogo kuliko uzito wake. Zipe kipimo: ni sehemu gani ya mikopo yote ya tawi, wateja wangapi, waliochelewa kulipa kabla na baada. Hizo zikae kichwani bila kutazama karatasi. Na maneno kama SACCOS, VICOBA au stakabadhi ghalani yape maelezo ya sentensi moja kila unapoyataja kwa mara ya kwanza.

Sasa hili la kujisifu, ambalo naona ndilo linalokusumbua hasa. Wengi wetu tumekuzwa kwa msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ni malezi mazuri, sikuambii uyaache. Lakini ukisema "tuliamua, tulishawishi, tulifanikisha" kwa nusu saa nzima, msaili atamaliza akiwa anaijua timu yako na hakujui wewe. Yeye hana nafasi ya kuidahili timu. Dawa si kujikweza. Dawa ni kusema kazi ya kila mtu waziwazi, ya kwako ikiwemo. Kwa mfano: "Wazo lilitoka kwa afisa wetu anayetembelea wateja. Mimi niliamua tuanze na wateja wachache wenye historia nzuri, nikaandika andiko la kamati ya makao makuu. Mwanzoni walikataa, wakiogopa mikopo chechefu. Nilirudi na ratiba ya kukagua maghala, wakakubali tufanye majaribio ya msimu mmoja." Siyajui mambo ya tawi lenu, huo ni mfano wa umbo tu, weka ukweli wako. Lakini ona kwamba afisa amepewa heshima yake, kamati imepewa sababu yake, na wewe unaonekana ulisimama wapi. Hakuna neno hata moja la majivuno humo. Anayesikiliza atajua pia kwamba wewe ni mtu wa kufanya kazi na watu, bila wewe kulazimika kusema "mimi nafanya kazi vizuri na watu".

Liko jambo moja ambalo waombaji wengi hawalifikirii. Waliokuandikia barua za mapendekezo waliulizwa swali la moja kwa moja: ni ushauri gani mzito wa kumrekebisha umewahi kumpa mwombaji huyu, na aliupokeaje? Maana yake bosi wako amekwisha kusimulia udhaifu wako, na msaili amesoma. Akikuuliza bosi wako angesema uboreshe nini, nawe ukajibu kwamba unapenda kazi kupita kiasi, utakuwa umejiharibia mwenyewe. Huna haja ya kuiona ile barua, na usimwombe bosi akuonyeshe. Kumbuka tu aliyokuambia kwenye tathmini za mwaka na siku zile alizokuita ofisini kwake. Chagua lile lililokuuma kidogo, eleza ulifanya nini baada yake, na ukubali kama bado halijaisha lote.

Alama za mwaka wa pili zisikunyime usingizi. Wameziona na bado wamekuita. Ukiulizwa, toa sababu kwa sentensi moja, kama ni ugonjwa sema ugonjwa, kama ulijisahau sema ulijisahau, halafu waonyeshe kilichofuata: alama za mwaka wa tatu, matokeo ya GMAT au GRE (ile mitihani ya kuombea nafasi za uzamili), au kazi ya hesabu unayofanya kila siku benki. Kisha nyamaza. Anayeendelea kujitetea baada ya hapo ndiye anayelifanya shimo kuwa kubwa.

Urefu wa majibu ni ufundi wa peke yake. Katika nusu saa mtu anaweza kuulizwa maswali ishirini au zaidi, kwa hiyo jibu la kwanza la kila jambo lisipite dakika moja na nusu. Toa jibu lenyewe kwanza, kisha sababu, kisha mfano kama bado unahitajika. Sisi huwa tunaanza na historia ndefu ndipo tufike kwenye jambo, na kwa mgeni wa barazani ni uungwana. Hapa utakatizwa kabla hujafika. Swali la "kwa nini MBA, na kwa nini sasa" ndilo unaloweza kuliandaa zaidi kuliko mengine, lakini hata hilo liandae kama hoja. Ni kitu gani hasa unataka kufanya kwenye fedha za kilimo ambacho huwezi kukifanya ukibaki tawini miaka mitano ijayo?

Kwa mazoezi, tafuta mtu asiyefanya kazi benki. Mwalimu wa sekondari atakufaa kuliko mwenzako wa idara ya mikopo, kwa kuwa mwenzako atakuelewa hata pale ambapo hukueleweka. Mpe maombi yako ayasome, mwambie akuulize kwa Kiingereza, akukatize apendavyo, na kila jibu alifuatishie "kwa nini" mpaka ufike chini kabisa. Rekodi kwenye simu na usikilize. Lafudhi yako iache ilivyo, hakuna anayeipima. Ila kama siku nzima unaongea Kiswahili na wateja, ulimi unahitaji siku kadhaa za kuzoea kueleza mambo ya mpunga kwa Kiingereza bila kutafuta maneno.

Na tafadhali, hakikisha saa. Marekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, yaani katika siku zilezile za usaili wako. Kabla ya Jumapili hiyo Boston iko nyuma yetu kwa saa 7, baada yake ni saa 8. Miadi ya saa nne asubuhi kwao itakuwa saa kumi na moja jioni Mbeya kabla ya mabadiliko, na saa kumi na mbili jioni baada yake. Linganisha tarehe yako na kalenda leo hii, andika saa ya Mbeya kwenye karatasi na uibandike ukutani. Chaji kompyuta mpaka ijae, weka bando kwenye simu ya mtandao tofauti na ule wa intaneti yako, na uwe umejaribu kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine. Umeme ukikatika, mazungumzo yaendelee ndani ya dakika moja. Yakikatika kabisa, rudi, omba radhi kwa maneno machache na uendelee pale pale. Kukatika kwa intaneti hakumshangazi msaili.

Kama umeomba na vyuo vingine, usidhani maandalizi haya yanatosha kila mahali. Chicago Booth na Stanford msaili wako huwa ameona wasifu wako tu, hivyo lazima usimulie tangu mwanzo yale ambayo Harvard wanayajua tayari. Wharton wanakuweka na waombaji wengine watano hivi mjadili suala moja kwa dakika 35, kisha unabaki na msaili peke yako kwa kama dakika 10. Pale wanaangalia unavyojenga juu ya hoja ya mwenzako, na anayetaka kushinda mjadala ndiye hujiumiza. INSEAD hukutanisha mwombaji na wahitimu wao wawili, kila mmoja kwa wakati wake, na kwa kawaida ni watu wa nchi anayoishi.

Kuhusu ufadhili, usiuulize kwenye usaili. Harvard hutoa msaada wa ada kwa kuangalia uhitaji wa mwanafunzi, na jambo hilo lina ofisi yake inayolishughulikia ukishadahiliwa. Msaili hana kauli juu yake, na utapoteza dakika ambazo ni zako. Mwishoni akikuuliza kama una swali, muulize kitu unachotaka kukijua kweli na ambacho hakipo kwenye tovuti yao. Kwa kazi yako, ningeuliza wanafunzi waliotoka kwenye benki ndogo za nchi kama yetu huwa wanachangia nini darasani pale kisa kinapohusu soko ambalo wenzao hawalijui.