Shimo 3 tabaka 4 si tarehe

Juzi kijana wetu mpya kaniletea jedwali la vigae vya uchimbaji wetu wa akiolojia nilipitie kabla halijapandishwa kwenye hifadhi ya data mtandaoni. Safu ya konteksti, yaani shimo na tabaka kilikotoka kigae, ilisomeka: 04-Mar. Nikatoka nje kupunga upepo. Nawapenda vijana hawa, lakini jamani! Basi shikeni haya manne kabla hamjapandisha data:

1. Ifanye safu ya konteksti kuwa maandishi kabla hujaingiza hata namba moja, na CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) usiifungue kwa kuibofya tu. Nilijifunza kwa aibu. Tuliandika 3/4, yaani shimo la tatu, tabaka la nne. Excel ikaona tarehe. Kompyuta yangu ilipangwa Kimarekani, mwezi kwanza; ya mwenzangu Kiingereza, siku kwanza. Kwangu 3/4 ikawa Machi 4, kwake 4/3 nayo ikawa Machi 4. Mashimo mawili, jina moja! Tukaunganisha majedwali, nikafuta faili za mwanzo eti kupunguza vurugu, nikaomba DOI, ile namba ya kudumu ya data iliyochapishwa, nikajipongeza. Miezi minane baadaye mtaalamu wa shanga akaniandikia kwa upole: hilo tabaka la Machi liko kina gani? Siku tatu sikumjibu. Kisha nikarudi kwenye fomu za karatasi, moja baada ya nyingine, wiki nne nzima, matope yakinidondokea mapajani. Baadhi zilikuwa zimelowa hazisomeki, na shanga za humo mpaka leo zina alama ya kuuliza. Toleo la pili lilitoka na maelezo ya kosa, jina langu chini yake. La kwanza bado lipo. DOI ni kama chanjo, kovu halitoki.

2. Viwianishi viende na msimbo wake wa EPSG, ile namba inayotaja mfumo wa viwianishi uliotumika. Nakala ya umma ififishe eneo kwa kilomita kadhaa, na picha zifutwe GPS iliyojificha ndani, maana mwizi wa mabaki hasomi ripoti, anasoma ramani.

3. Redio-kaboni: toa umri ghafi (kabla ya kugeuzwa miaka ya kalenda), kiwango chake cha makosa na namba ya maabara. IntCal20, mkondo wa kugeuza umri ghafi kuwa miaka ya kalenda, ulipochukua nafasi ya IntCal13, waliokuwa na umri ghafi walikokotoa upya chai ikiwa bado ya moto.

4. Andika kamusi ya safu. Vifupisho vyako unavijua wewe na daftari lako. Huyu kijana alikuwa na safu iitwayo "K2", nikamuuliza ni nini, akasema atakumbuka. Basi nipe faili la mwanzo, nikamwambia.

"Nimelifuta, mwalimu. Nilikuwa napunguza vurugu."

Fomu za karatasi tunaanza Jumatatu.