Muulize Ami: Leseni kwanza, tiketi baadaye

SWALI: Shikamoo Ami. Dada yangu anaishi Colorado, Marekani. Mumewe ni Mmarekani aliyesilimu, na amewinda tangu utotoni. Amenialika mwisho wa Oktoba twende milimani kuwinda kulungu, tubebe hema na chakula mgongoni, tulale huko siku tano. Eneo lenyewe hata yeye hajalikanyaga, kwani wamehamia upande huo juzi juzi. Mimi sijawahi kushika bunduki wala kuona theluji. Viza ya matembezi ninayo, na nataka nikate tiketi wiki hii kabla bei haijapanda. Nianzie wapi? Na mama anauliza, nyama hiyo ni halali?
Kijana wa Tudor, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo tiketi iache kwanza. Mimi nimeishi Colorado miaka mingi kabla ya kurudi zangu Kibokoni, na nimeshuhudia wageni wakitua na mabegi mapya yanayong'aa, wakaishia kuchemsha chai kambini huku wenzao wakiwinda. Walikosa karatasi moja tu, leseni.

Kwa mtu asiye mkazi wa jimbo lile, leseni ya kulungu haipatikani kwa kuingia dukani na pesa mkononi. Hutolewa kwa droo. Unaomba eneo maalumu, kila eneo na namba yake, na msimu maalumu. Maombi hufungwa mapema mwezi wa Aprili. Ukikosa, ipo droo ya pili inayofungwa karibu na mwisho wa Juni, na mabaki huuzwa Agosti. Kabla hata ya kuomba, lazima uwe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Sharti hilo linamhusu kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada ya hapo, kwa hivyo hata mimi na mvi zangu nilikaa darasani na watoto wa shule. Mwambie shemeji akuulizie wapi na lini utaipata kozi hiyo.

La pili ni zito zaidi, na shemeji yako huenda halijui kwa sababu yeye ni mwenyeji. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza aliyeingia kwa viza ya matembezi kushika bunduki au hata risasi, ila awe na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa kule kule. Basi asikupeleke uwanja wa shabaha siku ya pili ya kufika eti akufundishe, kama leseni haiko mfukoni mwako. Ikishakuwepo, azima bunduki yake. Usijisumbue kutafuta ya kusafiri nayo.

Sasa tuje milimani. Mnakwenda mahali msipopajua nyote wawili, na mimi naona hilo ni jema, maana hakuna atakayejifanya mjuzi. Ila kazi ya kulijua eneo haianzii kule, inaanzia mezani kwenu Tudor. Fungua picha za setilaiti na ramani yenye mistari ya mwinuko, mchague bonde moja. Nimesema moja. Watu huandika orodha ya mabonde sita, wakafika wakawa wanakimbia huku na huku na gari, siku zikaisha.

Katika bonde hilo mtafute mambo haya. Colorado iko mbali kaskazini ya ikweta, na jua la Oktoba hupita upande wa kusini mchana kutwa. Mteremko unaotazama kusini hupata joto, theluji yake huyeyuka upesi, na hapo ndipo penye vichaka vya malisho. Unaotazama kaskazini huwa ni msitu mzito wa misonobari, baridi na giza. Sisi huku hatukuzoea kufikiri hivyo, kwa sababu jua letu hupita karibu na utosi. Kulungu wa kule, yule mwenye masikio makubwa kama ya baghala, hula alfajiri na magharibi kwenye uwazi, na mchana hujilaza kivulini karibu na ukingo wa miti. Tia alama kwenye ramani kila mahali uwazi unapokutana na msitu, kisha utafute kilima cha ng'ambo ambacho mtu anaweza kukaa na darubini akaona alama hizo zote bila kusogea. Hapo ndipo mtakaposhinda. Mgeni hutembea sana na kutazama kidogo, na kulungu humwona yeye kwanza.

Pakua ramani hizo kwenye simu, kwani mtandao huko hakuna, na mbebe ya karatasi na dira pia. Dira ya Colorado hupotoka kama digrii 8 mashariki ya kaskazini halisi, jambo ambalo hapa Mombasa ni dogo hata hatulijali. Angalia pia mipaka ya ardhi. Misitu ya serikali ni wazi kwa kila mtu, lakini shamba la mtu si lazima liwe na ua wala kibao. Ni juu yako kujua kuwa umeingia, na kuwinda humo bila ruhusa ni kosa.

Upepo nao una saa zake. Mlima ukipata jua, hewa hupanda. Jua likizama, hewa huteremka bondeni. Mtoto wa pwani asihitaji kufundishwa hili, ni kama umande unaowatoa wavuvi alfajiri na upepo wa bahari unaowarudisha mchana. Kwa hivyo asubuhi, hewa ikishaanza kupanda, mkae mteremkoni juu zaidi ya alipo kulungu, na jioni mkae chini zaidi ya alipo. Tia unga wa ngano kidogo ndani ya kichupa cha dawa ya matone, kikavu. Ukikiminya, ule unga unatoka kama moshi mwembamba na kukuonyesha kila kona ya hewa. Kuna dakika chache, jua linapofika ukingoni mwa bonde, ambapo unga hutoka, ukasimama, ukazunguka, kisha ukageuka kabisa. Dakika hizo kaa kitako, usimsogelee mnyama. Na tafadhali, udi na halud viache kwa mama. Nguo za safari zisifukizwe, zifuliwe kwa sabuni isiyonukia.

Tukiwa kwenye nguo: msimu wa bunduki ni lazima uvae rangi ya chungwa inayowaka, au ya waridi inayowaka, inchi za mraba 500 juu ya kiuno, pamoja na kofia ya rangi hiyo. Kulungu haioni rangi ya chungwa kama tuionavyo sisi, kwa hivyo usihofu. Pamba usivae karibu na mwili, ikilowa haikauki na baridi ya usiku hushuka chini ya sifuri. Tafuta sufu. Nenda Kongowea kwenye mitumba asubuhi marobota yanapofunguliwa, utapata sweta za sufu safi kwa bei ambayo shemeji yako akiisikia atalia. Viatu vya mitumba sikushauri, gundi ya soli huwa imechoka na hubanduka ukiwa mlimani. Nunua vipya, uvivae mapema, upande navyo ngazi za ghorofa yenu na begi la mchanga mgongoni mpaka majirani wakuzoee.

Kwa sababu shida yako kubwa, mwanangu, si kulungu. Ni hewa. Wewe unaishi usawa wa bahari. Mji wa Denver uko mita 1,609, na kambi yenu huenda ikawa mita 2,800 au zaidi. Atokaye chini akilala juu ya mita 2,750 siku ile ile anajitafutia kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu. Lala Denver usiku mbili tatu, kisha mpande kidogo kidogo. Kichwa kikiuma usipande tena; kikizidi, au ukianza kupepesuka au kukosa pumzi hata umekaa, shukeni saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Kuna dawa ya kinga ambayo daktari anaweza kukuandikia, muulize kabla hujaondoka. Kwa mazoezi, panda matatu hadi Voi, kisha Wundanyi, ukapande Vuria. Kilele chake ni mita 2,208. Hakifiki huko uendako, lakini mapaja yatajua kinachokuja.

Sasa nyama, na hapa ndipo pa kupangia safari nzima. Vijana hupanga jinsi ya kufika kwa mnyama, mimi nakwambia panga jinsi ya kutoka naye. Dume lililokomaa, ukishaliondoa mifupa, linaweza kukuachia kilo 30 za nyama na zaidi. Bado mna hema, mifuko ya kulalia na bunduki. Sheria nayo haikuruhusu kukata pembe na kuacha mzoga, nyama ifaayo kuliwa lazima itolewe. Kwa hivyo kwa mara yako ya kwanza, msipige chochote zaidi ya kilomita nne kutoka kwenye gari, na kambi iwe chini ya mahali pa kuwindia ili mzigo uteremke. Nimewaona wanaume wazima wakikaa juu ya jiwe wakitazama kulungu aliyelala chini ya korongo, hawasemi neno, wanahesabu safari za kupanda.

Mnyama akianguka, mtandikie turubai, mmchune upande mmoja, mtoe mguu wa mbele, wa nyuma na mnofu wa mgongo, kisha mmgeuze. Hakuna haja ya kukata uti wa mgongo. Kila kipande kiingie kwenye mfuko wa pamba. Foronya kuukuu zafaa sana, chukua kutoka kwenu, ziwe zimefuliwa bila manukato. Tundikeni kivulini pepo zipite, mbali na hema, maana dubu weusi wapo. Kinachoharibu nyama ni joto lililobaki ndani ya mnofu, hasa pajani karibu na mfupa, hata kama nje kuna barafu.

Kuna maradhi ya kulungu yanayowadhoofisha mpaka wakafa. Yaligunduliwa kwanza huko huko Colorado, kwenye kituo cha utafiti cha Fort Collins, mwaka 1967. Hayajaonekana kumpata binadamu, lakini wakuu wa afya wa Marekani wanashauri usile nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa nayo. Pelekeni kichwa kikapimwe, msubiri majibu, ndipo sufuria ipande jikoni. Ubongo, macho na uti wa mgongo msile hata majibu yakiwa mazuri.

Mwambie mama hivi. Anayepiga awe Mwislamu, ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, si baadaye. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanaihesabu risasi kuwa hutoboa kama mshale. Ukimkuta bado ana uhai, mchinje haraka. Ukimkuta amekufa kwa jeraha lako, ni halali. Akitumbukia mtoni akafa majini, mwache. Hadithi ya Adiy bin Hatim iko wazi, kwani hujui ni mshale wako au ni maji yaliyomuua. Mengine muulize sheikh wa msikiti wenu, mimi si mufti. Lakini dini pia inakutaka upige vizuri. Kama huwezi, ukiwa umekaa chini na bunduki juu ya begi, kuweka risasi zote ndani ya sahani ya wali kwa mita 150, basi usipige mbali kuliko hapo unapoweza. Na kulungu huyu akishtuka hurukaruka kwa miguu yote minne, kisha mara nyingi husimama na kugeuka kutazama. Usipapatike, mngojee asimame.

Mwisho, mwachie dada yako karatasi yenye jina la bonde, mahali gari litakapoegeshwa, na saa ya kurudi. Mkipita saa hiyo apige simu, asiwaonee haya. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kikodishwe hata kama shemeji anacheka. Gesi ya jiko nunueni huko, ndege haitaipokea. Pembe na ngozi ziachwe huko kwa shemeji, utajiepusha na maswali ya forodhani. Maji ya mto yachujwe au yachemshwe, hata yakiwa maangavu namna gani.

SWALI: Ami, mimi niko Ukunda. Kabla ya mtu kwenda nje, kwa nini asijifunze kwa kuwinda paa hapa Kwale? Ni wengi, wanakula mihogo yetu.
Mkulima

JIBU: Kwa sababu atalala rumande, ndugu yangu. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ina meno zaidi. Paa wakila mihogo, piga ripoti kwa shirika la wanyamapori.

Ila wazo lako lina nusu ya kweli, na kijana wa Tudor alisikie. Shimba Hills ndiko pekee nchini kwenye palahala, wale swala weusi wa pembe za kupinda. Chukua darubini, ingia lango linapofunguliwa, mtafute mmoja ukingoni mwa msitu kabla dereva hajamwona. Ukimpata akiwa amelala, sikio tu ndilo linalotikisika, umeanza kujua kutazama.